Meseji ya Elia kwa Bibi

Jumatatu, 9 Juni

Sijawahi kumwambia mtu. Meseji ya mwisho ya kaka Elia sikuisoma kama ilivyoandikwa. Bibi alikaa jikoni akisubiri, nami nikamsomea maneno yangu mwenyewe. Halafu nikaifuta.

Nimeliandika. Niendelee na siku.

Nimeamka saa kumi na mbili. Moto umekataa, kuni zina umande. Baba amekunywa chai akiwa amesimama, akaenda kiwandani kupasua mbao. Bibi alikuwa ameshatoka. Jembe halipo. Najua alipo: bondeni, kwenye kinyungu. Shuleni Mbeya kuna wenzangu wa Dar es Salaam ambao hawalijui neno hili, nimewaeleza mara nyingi. Ni bustani ya bondeni penye unyevu, inayolimwa kiangazi mashamba ya juu yakishakauka. Matuta, mitaro, maji baridi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ni kazi ya kijana. Bibi amepita miaka sabini.

Kinyungu ni cha Elia. Alikilima tangu akiwa darasa la saba mpaka alipoingia jeshini. Aliuawa Kongo mwanzoni mwa mwaka jana, kambi yao ya walinda amani iliposhambuliwa alfajiri. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Huu ni msimu wa pili Bibi anakilima peke yake. Anasema Elia alimwomba.

Elia hakumwomba. Nilimwomba mimi.

Jumatano, 11 Juni

Baba amerudi mapema na habari. Jumamosi ya tarehe 28 tutajengea kaburi la Elia. Siku ya mazishi huwa ni udongo na msalaba wa mbao ya paina. Baadaye, familia ikishapata nguvu, inakuja saruji, msalaba wa kudumu, ibada, na chakula cha watu wote. Ule wa paina una jina lake na namba yake ya jeshi. Mchwa wameanza kwa chini.

Msalaba mpya ni wa mninga, anautengeneza Fundi Kastori wa Mafinga mjini. Baba anataka uchongwe maneno. Mwinjilisti alipendekeza mstari wa Biblia. Bibi amekataa.

"Biblia ni ya watu wote. Mume wangu aliniachia maneno ya kwangu."

Anamwita Elia mume wangu, na mimi ananiita mke mwenzangu. Ni utani wa mabibi wote wa huku. Kisha akayasema yale maneno kwa Kihehe, kama nilivyomtafsiria siku ile: Bibi, nitunzie kinyungu changu, nitarudi kukilima mwenyewe. Hajasahau hata moja. Amenishinda mimi niliyeyatunga.

Baba akanigeukia. "Esta, wewe una mwandiko. Mwandikie fundi kwenye karatasi, asije akakosea."

Nikasema ndiyo, Baba. Sikula. Nimesema tumbo linauma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechana karatasi tatu. Ya nne imetoka nzuri. Herufi zimenyooka. Najidharau.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda mjini kwa fundi. Malori ya mbao yamejaa barabarani, nimefika na vumbi mpaka kwenye miwani. Fundi Kastori huniita mwalimu, kwa sababu ya hiyo miwani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea mtihani?"

Akasoma karatasi polepole, penseli ikiwa sikioni. "Kinyungu kwenye msalaba. Nimechonga misalaba mingi, shamba bado."

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kitanda chake akasema, "Weka na jembe kabisa, marehemu asipate shida." Fundi akacheka. Halafu wakakumbuka marehemu ni nani na mimi ni nani, mzee akaniambia pole.

Fundi ataanza na jina. Maneno atayachonga mwishoni, Jumatatu ya tarehe 23. "Nikishapitisha patasi hakuna kufuta. Umehakiki?"

Pale ndipo pangefaa kusema kweli. Nilikuwa na mdomo. Nikasema nimehakiki.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani wametangaza ibada ya tarehe 28. Mama mmoja wa kwaya amenishika mkono nje. Amesema, "Yale maneno ya kaka yako, mwanangu, kila nikiyakumbuka yananiliza." Kumbe Bibi amewaambia watu wengi hivyo.

Nieleze kwa nini nilifanya. Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka juzi. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili, Bibi ndiye aliyetulea. Desemba ile alikuwa ameugua kifua mwezi mzima, hasemi, anageukia ukuta. Baba alisahau simu yake nyumbani, kile kitochi chake. Meseji ikaingia. Bibi akajiinua kwenye mkeka. "Mume wangu anasemaje?" Nilikuwa nimeshaisoma kimoyomoyo. Nikamwangalia uso. Nikatunga.

Alicheka. Jioni alikula ugali.

Baba aliporudi aliuliza Elia kasemaje, Bibi akiwa pale pale. Nikarudia yale yale. Kisha nikainakili meseji ya kweli nyuma ya daftari langu la Jiografia, nikaifuta kwenye simu. Kwa nini niliinakili, sijui. Wiki sita baadaye matroni aliniita ofisini kwake, nikaambiwa Elia hayupo tena.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Uongo wa kumlisha mgonjwa.

Jumanne, 17 Juni

Bibi ameanguka kwenye mtaro wa kinyungu.

Mama Tulizo, jirani yetu, ndiye aliyesikia sauti. Tulimkuta amekaa kwenye maji, jembe mkononi, hajaliachia. Goti limevimba kama kiazi kikubwa. Tumempandisha mlimani, yeye ameshika bega langu na la Mama Tulizo. Ni mwepesi. Hilo limeniogopesha kuliko goti. Mwaka jana hakuwa mwepesi hivi.

Zahanati wamesema hakuna mfupa uliovunjika. Apumzike mwezi. Bibi amemwambia mganga kwamba maharage hayajui mwezi.

Nimechoka. Sijafanya kitu na nimechoka.

Jumatano, 18 Juni

Leo Baba amesema kwa sauti kubwa, jambo ambalo si kawaida yake. Amemwambia Bibi kinyungu sasa basi, mume wa Mama Tulizo ana nguvu na hana bustani ya bondeni, apewe yeye.

Bibi akamjibu akiwa amelala. "Elia aliniambia mimi. Hakukuambia wewe. Nikiachia, nitamjibu nini huko niendako?"

Baba akatoka nje, akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Nimelisugua mpaka vidole vimechubuka.

Bibi ameongeza, kana kwamba anazungumza na ukuta, kwamba Jumatatu atashuka kwa fimbo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamua nimwambie Baba kwanza. Nimetembea mpaka kiwandani na daftari la Jiografia kwenye mfuko. Mashine inapiga kelele, watu wanaongea kwa mikono. Baba aliponiona alikimbia kuja, uso umebadilika. Alidhani Bibi amefariki. Nikamwambia nimekuletea viazi tu. Sikuwa hata na viazi. Akaniangalia, akanipangusa maranda begani, akarudi kazini.

Nimerudi na daftari langu. Mimi ni mwoga. Kwenye vitabu watu waoga hubadilika kabla ya ukurasa wa mwisho. Mimi nasoma tu.

Meseji ya kweli nainakili hapa, ili iwe mahali pawili. Aliiandika hivi:

Shikamoo baba. Mimi mzima, mtandao ndio shida. Mwambie bibi asinihesabu kwenye kilimo. Kinyungu apewe mtu mwenye nguvu asijichoshe. Nikimaliza huku nakaa Mbeya, nimepata mwenzangu tutafungua karakana ya pikipiki. Huku asubuhi kuna ukungu kama wa kwetu. Mwambie taratibu.

Mwambie taratibu. Sikumwambia kabisa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwambia Bibi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikaa juani kwenye ukuta wa jiko, mguu kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Baba alikuwa kazini. Nilikuwa nimepanga maneno ya mwanzo. Yote yalipotea. Nimesema, "Bibi, Elia hakusema utunze kinyungu. Nilidanganya." Kisha nikamsomea ya kweli, kwa Kiswahili, halafu kwa Kihehe.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nilipofika kwenye pikipiki mdomo wake ulicheza kidogo, kisha ukatulia. Mikono iliendelea kupukuchua. Kuku walikuja, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo misimu miwili nimelima maneno yako."

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Januari ile, mimi nikiwa nimeshaenda shule, Elia alipiga simu. Ilikuwa inakatikakatika. Baba akampa Bibi aongee. Bibi akapaza sauti: mume wangu, kinyungu chako nakitunza kama ulivyosema, mpaka urudi. Elia akanyamaza. Bibi akadhani imekatika. Kisha akasikia: sawa, Bibi. Ndipo ikakatika kweli.

"Alijua hakuniambia hivyo," Bibi akasema. "Alijua mtu kanidanganya, na anayenisomea nyumbani ni mmoja. Akakusetiri."

Nililia. Hakunikataza, hakunibembeleza.

"Nenda kateke maji, Esta."

Esta. Hajawahi kuniita jina langu.

Jumapili, 22 Juni

Bibi amemwambia Baba. Sikuwepo. Nimerudi kutoka kanisani nikamkuta Baba amesimama mlangoni.

Amesema, "Meseji ilikuwa yangu."

Nimesema ndiyo, Baba.

"Alikuwa mwanangu. Aliniandikia mimi."

Nimesema ndiyo. Nilitamani anichape, lingekwisha. Baba hachapi. Akauliza fundi anachonga lini maneno. Nikasema kesho.

"Basi kesho asubuhi uende umsimamishe. Wewe. Mimi siendi."

Jumatatu, 23 Juni

Nilimkuta fundi anafungua mlango. Msalaba umelazwa juu ya meza. Jumamosi alikuwa hana kazi nyingi, akaona aanze. Ameshachonga: BIBI NITUNZIE KI.

Nilitaka kusema Baba ameghairi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, rahisi. Nikalimeza.

"Fundi, maneno hayo si ya Elia. Niliyatunga mimi. Naomba usiendelee."

Hakuniita mwalimu. Alikaa kwenye gogo, akaniuliza mara mbili nimesema nini. Nikarudia. Akapitisha kidole kwenye herufi, moja moja.

"Mninga huu, binti. Si paina."

"Najua."

Alichukua randa. Nilibaki pale mpaka mwisho kwa sababu niliona si haki kuondoka. Mti mgumu, alikuwa anahema. KI ilitoka kwanza, kisha NITUNZIE. BIBI ilikuwa imechongwa kwa kina kuliko yote, imemchukua karibu saa nzima. Msalaba umekuwa mwembamba. Amesema asiyejua hataona.

Nimefagia maranda. Nikamuaga. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 25 Juni

Bibi ananiongelesha kwa mambo ya kazi tu. Chumvi. Kuni. Fungua mlango. Kila jioni mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Zaburi, tangu nikiwa darasa la tatu. Jana na leo amemwita Tulizo wa jirani, aliye darasa la tano. Tulizo anasoma kwa kukwamakwama, anaruka mistari. Bibi anamsubiri. Mimi nimekaa jikoni, nasikia makosa yote, sina ruhusa ya kusahihisha.

Mwinjilisti amekuja kuuliza habari ya maneno. Zimebaki siku tatu. Akautaja tena mstari wake. Baba akasema basi, uwe huo.

Bibi akasema, "Andikeni: Sawa, Bibi."

Mwinjilisti akasubiri. "Hayo tu, mama? Mawili?"

"Hayo niliyasikia kwa sikio langu. Hakuna aliyenisomea."

Mwinjilisti akaniangalia, kisha akaangalia kofia yake. Nadhani ameshasikia. Baba akaomba kalamu. Mimi nilikuwa nayo, nikampa. Hakuniambia niandike. Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, S ya kwanza imelala. Fundi atachonga hivyo hivyo.

Bibi hakuwa amemaliza. "Na siku hiyo meseji isomwe. Nilieneza uongo kanisa zima bila kujua. Waliosikia ule wasikie na huu. Asome yeye."

Hakunitazama aliposema yeye.

Ijumaa, 27 Juni

Wanawake wamejaa uani, wanamenya viazi, wanachambua mchele. Vijana wamemaliza saruji jana. Nimeosha vyombo kutwa nzima. Darasani nikiulizwa swali nasimama nikiwa nimeshika meza, na kuna wanafunzi hamsini tu. Kesho ni kanisa zima.

Jumamosi, 28 Juni

Ukungu ulikuwa mzito mpaka saa tatu. Walikuja watu wengi, pamoja na askari wawili waliokuwa naye, wamevaa kiraia. Kwaya iliimba. Msalaba umesimama vizuri. Kweli, asiyejua haoni.

Mwinjilisti akasema dada wa marehemu ana neno. Nilisimama upande wa Bibi, aliyekuwa kwenye kiti. Sikuwaangalia watu. Nikasema: "Maneno mliyoyasikia kuhusu kinyungu niliyatunga mimi. Elia aliandika haya." Nikafungua daftari la Jiografia.

Kulikuwa na minong'ono. Mtu mmoja alisema "Haa." Nilisoma. Nilipofika kwenye karakana ya pikipiki, vijana wa nyuma walicheka chini chini, na mmoja akasema, "Huyo ndiye Elia." Askari mmoja akainama, akaweka mkono usoni. Baadaye aliniambia mwenzake wa karakana alikuwa yeye. Walikuwa wamegombania jina la karakana mpaka siku ya mwisho.

Nilipofika kwenye maneno ya ukungu nilirudia mstari mara mbili. Nikamalizia: mwambie taratibu.

Nikafunga daftari. Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyenisema. Mwinjilisti akaomba tusimame kwa sala. Bibi hawezi kusimama bila kushikwa. Alinyoosha mkono upande wa Baba.

Yule mama wa kwaya alipita karibu yangu wakati wa chakula, hakunisalimu. Ni haki yake.

Elia amerudi kuwa mtu. Hilo ndilo ninaloweza kusema. Kwa mwaka na nusu alikuwa mjukuu mwema wa kwenye hadithi yangu. Leo alikuwa Elia, aliyechoka na jembe, anayependa pikipiki.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi Bibi amesema kinyungu apewe mume wa Mama Tulizo. Amesema, "Mtu mwenye nguvu, kama alivyoandika." Matuta saba ya maharage aliyokwisha kupanda yabaki yake mpaka avune. Akaniambia nikaonyeshe mipaka.

Nimeshuka naye bondeni saa mbili. Nimemwonyesha: kutoka kwenye mianzi mpaka mtaro wa pili, na jiwe la upande wa mto. Mtaro alioangukia Bibi umebomoka ukingo. Tumeuzibua pamoja, yeye kwa jembe, mimi kwa mikono na koleo. Saa sita maji yakaanza kupita.

Nimepanda nyumbani, nimeosha miguu. Nimechemsha maji ya kukanda goti la Bibi. Nimeyaweka karibu na kigoda chake, nikataka kumwita Mama Tulizo, kwa sababu siku hizi ndiye anayemkanda. Bibi akasogeza mguu upande wangu. Nimeukanda mpaka maji yalipopoa, nikayamwaga, nikaanika kitambaa.

Kisha nimepanga madaftari kwenye begi. Shule inafunguliwa wiki ijayo.